Kadi ya Pili

 

Jumamosi moja mwezi uliopita nilisimama nje ya duka dogo la kamera kuukuu hapa Digbeth, chini ya tao la reli. Ilikuwa inanyesha mvua ile ya Kiingereza, isiyokatika wala kuzidi. Mkono mmoja nimeshika mwavuli, mwingine nimeshika simu niliyoandikia hesabu zangu. Dirishani kulikuwa na kamera mbili ambazo nilizitazama kwa zamu. Nadhani nilikaa pale dakika ishirini. Mwishowe mwenye duka, mzee wa Kiingereza, akafungua mlango akasema, "Ingia ndani, bab, kutazama ni bure." Neno hilo "bab" wenyeji wa Birmingham humwita mtu yeyote, kama sisi tunavyosema "mwanangu" hata kwa tusiyemzaa.

Swali lililonisimamisha mvuani lilikuwa dogo. Je, ninunue bodi nyingine ya kamera, au niendelee na niliyo nayo? Wenzangu wanaopiga picha za harusi wanalifahamu swali hili na usingizi linaouondoa. Wasiopiga picha nawaomba wasifunue ukurasa haraka, kwani ndani ya habari hii yumo bibi mmoja ambaye nina deni lake.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja nchi hii mwaka 2004. Siku za kazi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo wengi wetu tumeifanya au tunaifanya. Mwisho wa wiki napiga picha za harusi. Sikuisomea kazi hiyo. Mwaka 2011 nilipiga picha za send-off ya rafiki yangu kwa kamera ya kuazima, watu wakazipenda, simu zikaanza kulia. Mwaka 2013 nikajikusuru nikanunua Canon 6D, nayo ndiyo niliyo nayo hadi leo.

Wateja wangu ni sisi kwa sisi: Watanzania Bara, Wazanzibari, Wakenya, Wakongo, Wabarawa. Mapatano huanza kwa pauni na kuishia kwa undugu. "Dada, wewe si mgeni kwetu, tupunguzie." Ninapunguza. Kisha kamati inamlipa mtu wa muziki bila kumwomba apunguze hata senti.

Kazi zangu nyingi zinafanyika Digbeth. Asiyeijua nimwelekeze: ukija Birmingham kwa basi kutoka London ukashuka kituo kikuu, hapo uliposhuka ndipo Digbeth. Wengi wetu tuliuanza mji huu tukiwa na sanduku moja kwenye kituo hicho, kabla hakijajengwa upya mwaka 2009. Ni mtaa wa viwanda vya zamani, matofali mekundu yaliyogeuka meusi, na madaraja marefu ya reli yanayopita juu ya vichwa vya watu. Kiwanda cha kastadi ya Bird kilikuwa hapa. Alfred Bird aliitunga kastadi ile isiyo na mayai mwaka 1837 kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yakimdhuru. Kwa hiyo kastadi tuliyokuwa tukiilamba utotoni imetoka kwenye mapenzi ya mtu na mkewe, nami naona si vibaya harusi zetu kufanyika jirani na kiwanda chake. Siku hizi kiwanda ni maduka na ofisi za wasanii, na baadhi ya maghala ya karibu yamekuwa kumbi.

Kumbi hizo ni nzuri kwa macho, ni adhabu kwa kamera. Dari iko juu sana, nayo ni ya vyuma na matofali meusi. Mpiga picha aliyezoea kurusha mwanga wa flashi juu ili urudi kwa upole usoni mwa bibi harusi, hapa atarusha na hautarudi. Taa ni za LED, mara zambarau, mara kijani. Ongeza pauni 8 za ukanda wa hewa safi, ambazo tangu Juni 2021 gari kuukuu kama langu hutozwa kila siku linapoingia katikati ya mji. Hivyo napata hasara kabla sijafungua mkoba.

Sasa turudi dukani. Kamera ya kwanza dirishani ilikuwa Canon R6, iliyotoka mwaka 2020. Hii ni ya kizazi kipya, zile zisizo na kioo ndani. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania hata mtu akicheza. Inatuliza mtikisiko wa mkono. Inaweza kupiga bila sauti kabisa, jambo zuri wakati sheikh anasoma hotuba ya nikahi, ingawa ukipiga kwa namna hiyo chini ya taa za LED picha zinaweza kutoka na michirizi. Bei yake pale ilikuwa pauni 949, bila kiungo cha kuvalisha lenzi zangu za zamani.

Nilikuwa naitamani R6 tangu siku mpiga picha mmoja kijana alipoitazama kamera yangu ukumbini akasema, "Aunti, hii bado inafanya kazi?" Nilicheka, lakini nililala nalo.

Mzee wa duka alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo wauzaji hawaulizi. "Hiyo ya zamani imekunyima picha gani?"

Nikajibu haraka, "Za gizani." Akatikisa kichwa taratibu. Nami nilijua nimemjibu uongo.

Giza nimeshalizoea. Miaka ya mwanzo nilikuwa napiga nyuso zetu zinatoka kama makaa na gauni linang'aa kama jokofu. Nikailaumu kamera. Baadaye nikaelewa kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu. Kikiona gauni jeupe kinapunguza mwanga, na uso mweusi ulio juu ya gauni hilo unazama. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na sura hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha sura zote. Dawa yake nimeipata: napima mwanga usoni, siyo kwenye gauni, na nasimamisha flashi pembeni juu ya kigoda cha miguu mitatu badala ya kuitegemea dari. Flashi na kigoda vilinigharimu chini ya pauni 100. Na megapikseli? 6D ina milioni 20.2, R6 ina milioni 20.1. Miaka minane ya maendeleo, na hesabu imepungua!

Kwa hiyo picha niliyonyimwa si ya gizani. Ni ya bibi.

Agosti 2019 nilipiga harusi ya binti wa familia moja ya Unguja inayoishi Small Heath, mwendo mfupi kutoka Digbeth. Usiku wa kupamba ulikuwa wa wanawake watupu, katika ukumbi mmoja wa hapa. Mnajua taratibu zetu. Wanawake wanavua mabuibui, nywele zimesukwa, hina imekolea, kila mmoja amejiachia kwa kuwa hakuna jicho la kiume. Kwa sababu hiyo simu zote ziliwekwa kwenye kikapu mlangoni. Wadada wawili walikisimamia kile kikapu kama askari wa forodha. Kamera iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na wananiamini.

Bibi mzaa mama wa bibi harusi alikuja kutoka Unguja. Viza alinyimwa mara ya kwanza, akapewa mara ya pili. Umri wake ulipita miaka themanini. Alikaa kimya saa mbili, kikuba cha asumini kifuani, nikadhani amechoka. Ngoma ilipokolea akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mama wa bibi harusi, yaani bintiye, alishika mdomo akalia. Aliniambia baadaye kwamba hakumwona mama yake akicheza tangu baba yao alipofariki. Nilipiga picha kama thelathini. Nilijua palepale, kama mpiga picha anavyojua, kwamba mbili au tatu zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Karibu na saa sita usiku kamera ikaandika kwamba haiwezi kuisoma kadi. Nikaitoa, nikatia nyingine, nikaendelea, moyo unadunda. Nyumbani kompyuta nayo ikakataa. Nilitumia programu ya kuokoa picha usiku kucha na siku iliyofuata. Kati ya picha kama mia tisa zikarudi chini ya nusu. Za bibi ilirudi moja, nayo nusu ya juu tu. Nusu ya chini ilikuwa kijivu tupu.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilipopeleka albamu, mama aliniuliza, "Za bibi ziko wapi, mwanangu?" Nikasema, "Mwanga ulikuwa mbaya, mama, hazikutoka vizuri." Akasema haya. Hakuna mgeni aliyekuwa na picha ya kumpa, kwa kuwa simu zilikuwa kikapuni. Bibi alirudi Unguja, na mwaka 2021 akafariki. Mwaka huu mama akanipigia: binti wa pili anaolewa, nao wananitaka mimi yuleyule.

Ndiyo maana nilikuwa dirishani.

6D ina tundu moja la kadi. Kadi ikifa, usiku umekufa. Kamera zenye matundu mawili huandika kila picha mara mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye kadi hii na nakala yake kwenye ile. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hili la pili ndilo daftari. Wapiga picha wa harusi duniani wanalijua. Nikon walipotoa Z6 na Z7 mwaka 2018 zikiwa na tundu moja, watu walilalamika sana, na mwaka 2020 matoleo yaliyofuata yakaja na matundu mawili. Canon nao EOS R yao ya 2018 ilikuwa na tundu moja, R6 ina mawili.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Harusi ya Kizungu ikipotelewa na kadi, zipo simu mia za wageni. Usiku wa wanawake wetu hauna simu hata moja. Tumewanyima wageni wote macho, tukampa mtu mmoja, naye ameyaweka kwenye kijipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa stempu.

Kamera ya pili dirishani ilikuwa Canon 5D Mark III. Ni kongwe, ya mwaka 2012, umri sawa na 6D yangu. Ina matundu mawili, moja la kadi za CF na jingine la SD, ingawa hilo la SD ni la mwendo wa kobe. Ina vituo 61 vya kulenga, yangu ina 11. Inavaa lenzi zangu zote bila kiungo. Shata yake imetengenezwa ikitarajiwa kupiga picha 150,000, na mzee alinionyesha kwamba ilikuwa haijafika nusu. Bei, pauni 379. Mwaka 2013 nilizishika zote mbili mkononi dukani, nikachukua 6D kwa kuwa Mark III ilikuwa ghali kwa mbali. Sikuwa na makosa. Sikuwa na pesa.

Hesabu niliyokuwa nayo kwenye simu ni hii. Kwa mwaka napiga harusi kama nane, pauni 400 kila moja, jumla 3,200. Toa petroli, pauni 8 za hewa safi, uchapaji wa albamu, bima, betri na msaidizi wa kushika taa. Hubaki kama 1,400, na ndani yake kuna ada ya shule ya mtoto wa mdogo wangu kule Tanga. R6 na kiungo chake ingekula zaidi ya 1,000. Ningepata kamera inayolitafuta jicho yenyewe, na mtoto angekaa nyumbani muhula mmoja. Mark III ingenipa kitu kile nilichokikosa mwaka 2019.

Sikununua siku hiyo. Nilimwomba mzee aniwekee wiki moja. Niliona ni vibaya kwenda na kamera yenye kadi mbili kwenye nyumba ambayo niliidanganya kuhusu kadi moja, kama mtu anayepaka rangi ukuta wenye ufa.

Jumapili nikaenda Small Heath. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Chai ya tangawizi, vileja kwenye sahani. Ukutani ipo picha ya bibi akiwa msichana, iliyopigwa studio Mji Mkongwe, amekaa kwenye kiti kirefu, nyuma yake pazia la kuchorwa. Zanzibar ina historia ndefu ya studio hizo. Capital Art Studio, kwa mfano, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake zimepita enzi za masultani na Mapinduzi ya 1964. Hata hapa Birmingham, Ernest Dyche na mwanawe Malcolm walikuwa na studio Balsall Heath, ambako wahamiaji kutoka Karibiani, Bara Hindi na Afrika walivaa nguo zao bora wakapigwa picha za kupeleka kwao, kuonyesha kwamba Uingereza wamefika na hali ni njema. Picha hizo zimehifadhiwa Maktaba ya Birmingham. Mtu akizitazama haulizi zilipigwa kwa kamera gani. Anazitazama kwa sababu kuna aliyezitunza. Picha ile ukutani ina zaidi ya miaka sitini. Yangu haikumaliza usiku mmoja.

Nikamweleza mama yote: kadi, programu, nusu iliyorudi, na uongo wangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya, akageuza kikombe chake.

"Nilikuona ukimpiga," akasema. "Ulipiga magoti mbele yake. Nikajiuliza miaka yote hii, mtu apige magoti hivyo halafu picha zisitoke?"

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliuliza, "Hiyo nusu unayo?"

"Ninayo."

"Mbona hukunipa?"

Nikamwambia niliona aibu, ni nusu, chini yote ni kijivu. Akasema, "Ulitaka kunipa nzuri au kunipa mama yangu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia pia kwamba akitaka kumtafuta mpiga picha mwingine nitamsaidia kumpata. Akaniuliza kama safari hii kamera itakuwa na kadi mbili. Nikasema mbili, na kwamba nikimaliza usiku ule kadi moja itabaki kwake na nyingine kwangu, mpaka nihamishe picha zote kwenye diski mbili. "Basi," akasema, "kula vileja."

Jumatatu nilichapisha ile nusu. Ndani yake unaonekana uso wa bibi, macho ameyafumba, mkono mmoja juu, asumini kifuani. Chini ya kifua hakuna kitu. Mama aliipokea mlangoni, akaitazama muda mrefu, akaingia nayo ndani. Sijui ameiweka wapi na sikuuliza.

Wenzangu mtakaoniuliza, jibu langu ni hili. Kabla hujabadilisha bodi, jiulize kama yule mzee wa Digbeth alivyoniuliza: ya sasa imekunyima picha gani? Kama ni giza, nunua flashi kwanza. Kama ni aibu mbele ya vijana, lala uamke. Lakini kama unapiga usiku wa wanawake kwa kadi moja, badilisha, hata kwa kamera ya zamani yenye mikwaruzo. Jipya likija mkononi baadaye, alhamdulillahi. Usifute kadi mpaka picha ziwe mahali pawili. Na likikupata lililonipata mimi, mwambie mwenye harusi wiki ileile. Mimi nilichelewa, na bibi hakungoja.

Mark III ninayo. Ni nzito, bega limeshaanza kulalamika. 6D nayo itakuja, kama kamera ya akiba. Harusi ni mwezi ujao, palepale Digbeth. Kikapu cha simu kitakuwa mlangoni.